Bangili kwa Vidole Vinane

Mita tatu na ushee za kamba ya parachuti,
rangi ya chungwa, ile inayopiga kelele juu ya theluji.
Heikkinen hupima kwa urefu wa kaunta yake
na akikupenda hukuongezea shubiri moja.
Leo kaniongezea mbili.
Kasikia kuwa Aila anakwenda msituni kuhesabu mbwa mwitu.

Kifundo cha mkono wake nilikipima kwa siri,
amelala kwenye kochi mchana,
kwa uzi wa sufu, taratibu,
kama mwizi anayerudisha alichoiba.
Sentimita kumi na saba. Ongeza mbili za kupumulia,
maana fundo likikaza hula nafasi.

Kiwanda cha karatasi kilichukua vidole vyangu viwili,
mkono wa kulia, usiku ule roli namba nne
iliponiona nimesinzia.
Kwa hiyo bizimu nimeibana kwenye mtoto wa meza,
na meno ndiyo kidole changu cha tisa.

Kushoto pita juu, kulia pita chini,
ingia kitanzini, vuta.
Kulia pita juu, kushoto chini, ingia, vuta.
Ukisahau zamu, ukambaa unajipinda kama ngazi ya mnara
nawe hujui ulikosea wapi.
Fumua.
Nimefumua mara nne.
Mara ya tano nikaacha kumuwaza Urho.

Urho, mdogo wangu, alitumbukia mwezi Machi,
barafu ya ghuba ikiwa na uso wa kuaminika.
Kamba ilikuwepo. Mita thelathini, nene, mpya,
imekunjwa vizuri nyuma ya kiti cha gari,
na gari liko ufukoni,
na ufuko uko mbali kiasi cha kumsikia mtu
lakini si kumshika.
Wanasema kamba hukatikia pembamba.
Ile haikukatika. Bado ninayo, haina hata mkwaruzo.

Ndani ya ala hii mna nyuzi saba nyeupe.
Mmoja utashona buti.
Mmoja utavua samaki; ndoana nimeificha chini ya bizimu,
nimeifunika kwa gundi isimchome.
Hizo tano nyingine sijui. Zitajijua zenyewe.

Ncha mbili nimezichoma kwa kibiriti
nikazibonyeza kwa kijiko zingali laini.
Jiko zima likanuka plastiki.
Lempi akafungua dirisha bila kusema neno:
nje nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na hizo nazo ni nyuzi,
hakuna wa kuzisuka.

Asubuhi Aila akaivaa, akaizungusha,
akapuliza kifirimbi cha bizimu
mpaka mbwa akaingia chini ya kitanda.
"Baba, mbona nene hivi?"
Nikamwambia ndio mtindo.

Alirudi mwishoni mwa Mei, mkono mtupu,
mstari mweupe pale jua lilipokosa njia.
Moyo ukanipaa. Nini? Mto? Dubu? Barafu?

"Soksi, Baba."

Ilinyesha siku tisa. Hema zima lilinuka miguu.
Akaifumua yote, fundo kwa fundo,
akaanika soksi zake na za wenzake,
jozi kumi na moja,
kutoka msonobari hadi msonobari.
Usiku akapita paa wa kule, mkubwa kama farasi,
akaondoka nazo shingoni.

Lempi alicheka hadi akashika meza.
Mimi nilitazama dirishani,
nikiona haya kwa furaha niliyokuwa nayo.

Kisha nikavaa koti, niwahi duka kabla halijafungwa.
Heikkinen akanyoosha kamba juu ya kaunta, akauliza,
tatu na ushee, kama siku ile?

Nne, nikamwambia.
Kuna soksi.