Nafasi Kwenye Daftari

Mkutano wa Igowole. Ukungu umekaa mlangoni
kama mtu aliyekosa kiti.

Mlowe ndiye wa kwanza: "Saba inatosha.
Kusoma anajua, kuhesabu anajua,
viazi vinaozea ardhini, avichimbe nani?"
Mwalimu Chengula akasema kumi.
Mama Luvanda: "Kumi, halafu?
Na michango ya uji?"

Mimi naandika. Niliishia la saba.
Wameniita kwa sababu ya mwandiko,
ila neno "muhtasari" hadi leo
herufi zake nabahatisha.

Tulizo, binti yake Mlowe, alikuwa anagawa chai.
Akasimama, birika mkononi:
"Baba, misindano yetu ya kule mteremkoni
ina miaka saba. Yule mnunuzi wa Mafinga
ulimjibuje?"

Mlowe akaitazama kofia yake.
Jibu tulilijua kijiji kizima:
Hizo bado fito, bwana.
Rudi zikishakuwa mbao.

Mvua ikashuka juu ya bati,
hatukusikilizana tena.

Penye idadi ya miaka
nimeacha nafasi.
Nimeipima kwa kidole:
tarakimu mbili zinaenea.