Buluu Iliyobaki

Saa kumi na moja alfajiri, Pampa ya Tamarugal.
Mabwawa bado yamelala kijani.
Nachota mwani usioonekana kwa jicho
mpaka uonekane: tope zito, la baridi,
lenye harufu ya jiwe lililonyeshewa,
huku ambako mvua ni hadithi ya wageni.

Nalikamua kitambaani, nalisukuma tunduni
litoke tambi, kisha nauliza kama kila siku:
nikukausheje?

Maana mali hupotelea hapa.
Si bwawani, si kwenye chumvi wala mbolea,
ni katika saa hizi chache
tope linapoyaaga maji.

Jua ni la bure. Januari nilianika trei sita juu ya bati.
Kufika jioni kingo zimepauka kama shati la mchimba chumvi,
katikati mbichi,
na harufu ya samaki wa juzi.
Nzi walijua kabla yangu.

Tanuri: digrii themanini, nami nikasinzia.
Niliamkia kitu cha kahawia,
kinavunjika kama ukoko wa wali.
Inhinia Vilches alikitia majini, akatikisa chupa,
akaiinua dirishani. Rangi ya chai.
"Buluu imekwenda," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba wa jirani.

Mashine ya kupuliza haina subira:
tone linakutana na upepo wa moto, linaanguka unga.
Laini. Wanunuzi wanausifu.
Lakini chini ya hadubini
zile skrubu ndogo zilizojisokota zenyewe
zimekatikakatika.
Sikumwambia mtu.

Agosti likaja sanduku kubwa kwa lori.
"Hii inagandisha kwanza," inhinia akachora ubaoni,
"halafu barafu inaruka kuwa mvuke
bila kupitia maji. Teknolojia mpya kabisa."

Nikacheka. Akaniuliza kwa nini.

Bibi yangu, Saturnina Challapa, kule Colchane,
kila Juni humwaga viazi uwanjani usiku,
baridi ivipige mpaka vilie.
Asubuhi huvikanyaga miguu mitupu,
maji yakimtoka katikati ya vidole,
kisha huviachia jua na ile hewa nyembamba ya juu
wiki mbili, pengine tatu,
mpaka kiazi kiwe chepesi kama kizibo,
kiweze kungoja miaka
kabla ya kurudi kuwa chakula.

Inhinia hakucheka.
Alitazama bili ya umeme, akaikunja.

Leo nimefungua mlango wa mashine.
Tambi hazina uzito, zimejaa vitundu,
kijani kilekile cha alfajiri.
Chembe mbili majini, nikatikisa, nikainua:
buluu ikashuka taratibu,
kama wino wa barua ambayo bado inaandikwa.

Nimetia kiganja kimoja kwenye bahasha.
Jumapili napanda Colchane kumwonyesha bibi.
Najua atakachofanya:
atavunja, atanusa, ataonja kwa ncha ya ulimi,
halafu ataniuliza
ni nani aliyekanyaga.