Daftari la Mizani

Alhamisi, gunia la kwanza: kilo themanini na mbili.
Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa shati.
*Robo ya pili. Sisi 19, wao 22. Somoe ana faulo mbili.*
Nikaandika, nikapuliza wino, nikatazama:
daftari la chama cha msingi lasema ishirini na mbili,
na mwenye gunia, Bi Sijaona Mkapunda,
hajui kusoma, lakini anajua kalamu ilikopita.
"Karani, korosho zangu zimeliwa na nani?"

Somoe ni kitinda mimba wetu, jezi namba saba,
chuo cha ualimu, mwaka wa pili.
Kudunda alijifunzia humu humu ghalani,
msimu ukiisha, magunia yakishateremka bandarini,
kwenye sakafu yenye vumbi linalowasha ngozi.
Ringi ilikuwa ndoo niliyoikata kitako
nikaipigilia kwenye nguzo ya tatu.
Ndoo ipo. Siku hizi mwenyekiti hutundikia koti.

Anayeniletea habari ni Mwajabu, wa akiba.
Hukaa mwisho wa benchi, kidole gumba kina bandeji,
ndiyo maana anaandika kama anayelipia kila herufi.
Simjui sura.
Wiki hii hakuna ninayemngoja kuliko yeye.

Ijumaa nusu fainali, na wauguzi wa Lindi.
Mnada nao ulikuwa Ijumaa;
foleni nzima ilikaa juu ya magunia ikisubiri bei,
jua utosini, maji ya kununua.
*Tumeshinda kwa nne.*
"Nne!" nikaropoka. "Nne, jamani!"
Sijafunga mdomo, vigelegele vimeshafika barabarani:
elfu nne kwa kilo, Newala imepata elfu nne!
Mzee Chilumba akawa ameshaezeka nyumba kwa maneno,
bati thelathini, za rangi.
Ilinibidi nipande juu ya mizani niwaambie.
Kimya. Sindano ya mizani ikinitaja kilo zangu mbele ya watu.
Kisha Bi Sijaona:
"Hiyo fainali, mwanangu, kilo shilingi ngapi?"

Jumamosi mtandao ulikatika tangu asubuhi.
Saa tisa nikafunga ghala, nikasingizia tumbo,
nikaenda mbio hadi Shimo la Mungu,
pale uwanda unapokatika ghafla
na bonde la Ruvuma linalala chini, bluu, halina habari.
Nikainua simu. Ikalia papo hapo:
Karibu Msumbiji, kampuni ya huko inanipa bei zake kwa Kireno.
Nikasogea kushoto. Karibu Msumbiji.
Nikapanda jiwe.
Kwa dakika arobaini nilikaribishwa Msumbiji mara tisa
na sikuwa na mgeni wala mwenyeji kule.

Mara ya kumi alikuwa Mwajabu.
*Sekunde 3. Sisi 47, wao 48. Somoe mitupo huru 2.*
Basi. Hapo simu ikazima.

Nikabaki na mitupo ile miwili mkononi
njia nzima ya kurudi.
Nikaurusha wa kwanza, ukaingia.
Wa pili nikauchelewesha, kama anavyouchelewesha yeye,
anadunda mara tatu, anapinda goti la kushoto,
anajifuta kiganja begani.
Ukaingia.
Nikarudia, maana ulikuwa umeingia kirahisi mno.
Mbele ya msikiti uligonga ukingo.
Karibu na kituo cha mafuta ukaingia tena.
Nilifika nyumbani tuna pointi hamsini na kitu
na sekunde zilikuwa bado tatu.

Alipiga mwenyewe, usiku, simu ikiwa kwenye chaji.
Nyuma yake wasichana walikuwa wakiosha vyombo,
hakuna aliyeimba.
Hakutaja mpira. Aliuliza bei ya mnada.
Nikamwambia: elfu mbili mia saba na ushee.
"Si mbaya," akasema.
Si mbaya, nikasema.
Akanyamaza, nikasikia sufuria likiwekwa juu ya sufuria.
"Ile ndoo," akauliza, "bado ipo?"

Nikachukua tochi, nikaenda ghalani,
nikaliondoa koti la mwenyekiti.