Moja, Tatu, Nne, Mbili

Shaame kaileta kutoka Muskat, nyekundu, viti viwili,
kaiendesha siku arubaini, kaniachia ufunguo na vumbi.
Sasa kilimani Limbani inakohoa,
watoto wa chuoni wanaipita kwa baiskeli.

Nimefungua boneti. Waya za plagi zimeota chumvi,
mpira umepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Huvutwa kichwani, si shingoni:
baba alinizaba kibao kwa hilo, mwaka wangu wa mwanzo gereji.

Plagi ya kwanza, mafuta. Ya nne, masizi.
Ya tatu nyeusi na kikonyo chake,
kama karafuu iliyodondokea jikoni.
Mpya nazipima mwanya kwa kipande cha msumeno,
nazizungusha kwa vidole kwanza, taratibu,
mpaka uzi ukubali. Ndipo spana.

Kisha waya. Moja, tatu, nne, mbili:
cheche haifuati umri.
Siku ya msiba simu zilipita hivyo hivyo,
Hidaya, kisha Shaame huko Muskat, kisha Riziki,
mwisho mimi, wa pili kuzaliwa,
niliyekuwa hatua mia kutoka kitanda chake,
mgongo chini ya lori la Wizara, nakaza nati.

Nikawasha. Ikatetemeka, ikatulia, ikanguruma sawasawa
hata kuku wa Bi Mgeni wakahama ua.

Plagi ya pili ilikuwa kavu, rangi ya biskuti, haina kosa.
Nayo nimeitoa; hubadilishwa zote nne.
Imo mfukoni, inagongana na sarafu.