Mgongo Wazi

Odemba kaniletea kisu chenye waya,
ndani ya boksi lenye picha ya samaki nisiyemjua,
mwekundu, mnene, mwenye macho ya kushangaa.
"Mama," asema, "pumzisha mkono."
Nimeutazama mkono. Haujaomba likizo.

Kisu changu cha zamani hakikuja na boksi.
Fundi wa Kibuye alinitengenezea kwa kipande cha msumeno,
mpini akauvisha mpira wa tyubu ya baiskeli,
na miaka kumi na minne ya kinoo imekila
hadi kimekuwa chembamba kama jani la kitunguu.
Kikifika kwenye mbavu, kinanong'ona.
Nasikia kwa kidole gumba: hapa mfupa, hapa mnofu,
hapa polepole, nyongo iko karibu.

Cha umeme hakinong'oni.
Kinanguruma kama nyuki waliofungiwa kwenye debe.
Mbuta wa kilo tisa, wa kunitoa jasho robo saa,
kilimmaliza kabla chai yangu haijapoa.
Mbavu kilizikata tu, kra-kra-kra,
kama mtu anayepita katikati ya mazungumzo ya wengine
bila hodi.

Sikatai: nilicheka.
Begani, panaponiuma tangu Februari,
nilihisi kama mtu ameniteremshia ndoo.

Halafu tokeni ziliisha.
Mita ikalia pi, pi, pi, kisu kikafa
katikati ya samaki, meno ndani ya nyama,
na inzi wa Dunga, ambao hawatumii umeme,
wakafika wote.
Nikamalizia kwa kile cha msumeno. Hakikuniringia.

Lakini si tokeni zinazoninyima usingizi.
Ni mzani.
Machuka wa hotelini hupima minofu,
hulipia minofu, mengine hayaoni.
Jioni ile alikodolea sindano macho: "Mama Odemba,
samaki ni wale wale, mbona kilo zimepungua?"
Zilikuwa zimebaki mfupani.
Kisu cha waya hakijui kuinama;
hupita mbali na uti wa mgongo
kama mgeni mwenye viatu vipya akikwepa matope.

Na kule nyuma ya banda, penye karai la mafuta,
Akelo nyar Seme alikuwa ameshika mgongo wazi,
akiugeuza kwenye mwanga
kama mtu aliyeokota noti na hataki kuuliza ni ya nani.
Miaka yote nimemuuzia kichwa, mkia,
na kitana katikati.
Kitana hicho ndicho anachokaanga,
ndicho watoto wa Nyalenda wanachofyonza hadi kilie.
"Leo mgongo wazi umevaa nguo," akasema.
Hakucheka. Alihesabu vipande.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Hawakusema anayengoja upande wa pili wa mfupa
ale nini.
Na mimi niliyejisifia wembe wangu,
niliyeinua mifupa juu nikisema,
"Tazameni, hata paka hapati kitu hapa,"
sikuwahi kuuliza paka huyo ana watoto wangapi.

Basi nimechagua, ikiwa huku ni kuchagua.
Cha umeme kinakaa rafuni ndani ya boksi lake,
hutoka Ijumaa, mbuta wakiwa wengi na bega likigoma.
Ngege simgusishi. Ngege ni mdogo,
anataka kusikilizwa.
Siku nyingine zote ni msumeno na kinoo,
ila nikikaribia uti wa mgongo, siku hizi,
macho yangu hufifia ghafla,
mkono ukakosea
kwa upana wa ukucha.

Machuka anasema nivae miwani.
Namwambia nitanunua, Mungu akijalia, mwisho wa mwezi.
Hajauliza mwezi gani.