Nani Ataota Moto Masasi

Somoe Chitanda aliegesha Fuso lake gerejini kwangu, Mkuti,
saa saba mchana, bati linalia kwa jua,
kuku wamejilaza chini ya ekseli.
Akashuka, akasema: Fundi, hita haitoi moto.

Vijana wangu walicheka mpaka spana zikawaanguka.
Hita! Masasi! Mwezi wa kumi na moja!
Mmoja akamwambia, dada, toa kichwa dirishani,
hita ya bure hiyo.

Yeye hakucheka.
Akanyoosha mkono wa kulia, akakunja vidole,
kimoja kikagoma.
Napeleka chumvi ya Lindi hadi Njombe, akasema, narudi na viazi.
Julai ile, alfajiri, kioo kikawa maziwa.
Nafuta kwa khanga, kinarudi maziwa.
Utingo wangu Likapa kajifunika magunia matupu,
meno yanagonga kama korosho zinazomwagwa kwenye bati.
Nabonyeza kitufe, feni inavuma,
upepo unakuja, mwingi,
baridi kama salamu ya mkwe aliyenuna.

Nikawaambia vijana wanyamaze.

Feni: nzima. Ilinipulizia vumbi la miaka usoni.
Maji ya rejeta: yamejaa, rangi yake chai ya mkandaa.
Nikawasha injini, nikaiacha iungurume robo saa.
Sindano ya joto ikapanda hatua mbili, ikakaa
kama mgeni asiyekaribishwa ndani.
Hapo nikajua la kwanza: themostati haipo.
Mafundi wa huku tunaing'oa, tunaitupa,
tunasema injini ipumue.
Nayo ikipumua mno haipati moto wa kutosha,
na asiye na moto atagawa nini?

Nikainama kutafuta mipira miwili,
wa kupeleka maji ya moto kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi,
na wa kuyarudisha.
Unaishika kwa zamu.
Mmoja wa moto, mwingine wa baridi: rejeta ndogo imeziba.
Yote ya moto: tazama kilango cha hewa.
Mimi nilikuta mpira mmoja tu,
umetoka kwenye injini, umepinda, umerudi kwenye injini,
kama mtu aliyeaga anakwenda Tunduru
akaishia stendi.

Somoe akainama pembeni yangu.
Fundi gani mpumbavu alifanya hivi?

Mpira ulikuwa umekazwa kwa waya wa kufungia nondo,
mizunguko mitatu, ncha imelazwa ndani isimchome mtu,
umesokotwa kushoto.

Kutoka hapa hadi Nachingwea
anayesokota kushoto ni mmoja.
Ndiye anayeandika haya, kwa mkono huohuo.

Nikakumbuka. Gari lilikuwa la kijani wakati ule,
la Mmakua mmoja wa Chiungutwa, mbeba korosho.
Rejeta ndogo ilimvujia viatuni.
Nilimkatia njia ya maji, dakika kumi, shilingi elfu tano,
nikasema, tena kwa sauti, gereji nzima icheke:
Mzee, nani ataota moto Masasi?

Sikufikiri kwamba gari huuzwa.
Sikufikiri kwamba gari hupanda mlima.

Nilimjibu Somoe: labda alikuwa na haraka.

Nikailehemu rejeta ndogo, nikarudisha mipira miwili.
Themostati ilikuja na basi kutoka Mtwara siku ya pili.
Tukafunga vioo, tukakaa ndani, nikabonyeza kitufe.
Jasho likatutiririka kama tunaoga,
vijana wanatuchungulia kama wendawazimu wawili,
na Somoe kaweka kiganja kwenye tundu la hewa,
hakukiondoa.

Bili niliandika: themostati, mipira, klipu nne.
Kwenye ufundi nikaacha mstari mtupu.
Akautazama mstari ule,
kisha mkono ulioshika kalamu,
muda mrefu.
Akakunja vidole vyake, kile kimoja bado kinagoma,
akapanda, akafunga mlango.