Dirisha la Malipo

Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya kioo hiki
chenye tundu la ukubwa wa kiganja.
Nimepokea noti za jasho, noti za harambee,
sarafu zilizofungwa kwenye ncha ya leso.
Hakuna aliyepita lango letu la Barabara ya Juja
bila karatasi yangu yenye muhuri, IMELIPWA,
awe hai, awe maiti.

Nyumbani nina daftari jingine,
la samawati, chini ya godoro:
unga kwa mjane wa Mlango Kubwa,
karo ya mtoto wa marehemu Mwololo, muhula mmoja na nusu,
mabati manne ya kanisa
(sikutaja jina, ila kasisi alijua).
Kila Desemba nilijumlisha.
Nilitaka nifike kwenye dirisha la huko juu
stakabadhi zangu zikiwa zimepangwa.

Kisha Kageha.

Alijifungua mwezi wa nne. Upasuaji,
damu painti tatu, mtoto siku ishirini
kwenye kisanduku cha joto.
Deni: laki mbili, elfu kumi na sita, mia nne.
Tukamzuia. Ndiyo, mimi ndiye niliyetia saini.
Wiki saba alilala sakafuni,
kitanda akakipisha kwa mwenye pesa ya kukilalia,
akinyonyesha dirishani, akitazama
moshi wa Mathare ukipanda bila kuulizwa kitambulisho.

Alijaribu. Usiniambie hakujaribu.
Alifua shuka za wodi, akasugua ngazi,
akaniletea hesabu kwenye kipande cha katoni:
"Bwana Musembi, nimefua mia moja na kumi. Punguza."
Nikamwonyesha gharama ya kulala, siku kwa siku.
Deni lilikua usiku
kuliko mikono yake ilivyoweza mchana.

Ijumaa moja akaja mtu. Sitasema nani, aliniapisha.
Alikuwa na sugu viganjani
na vumbi la mbao kwenye nyusi.
Alilipa yote, hata ile mia nne,
akatoka bila koti alilokuja nalo.

Nikampelekea Kageha risiti. Akadhani ni mtego.
Siku mbili zaidi alikaa, karatasi chini ya mto,
lango wazi, askari akimpungia mkono atoke.
Hapo nikakumbuka wahubiri wawili wa mtaa wetu
wanaorushiana vipaza sauti, mmoja kila upande wa barabara,
huyu imani, yule matendo, hata watoto hawalali.
Karatasi ile ilikuwa halali
hata alipokuwa haiamini.
Lakini mimi nilijua ameamini
nilipoona miguu.
Jumapili, miguu ikapita lango.

Jumatano nikamkuta kwenye karo la nguo,
mtoto mgongoni, povu mpaka viwiko.
Nikakimbia kama mtu aliyeangusha noti.
"Mama, huna deni! Nani kakutuma?"
"Najua sina."
Akakamua shuka, akaikung'uta, ikanirushia maji.
"Nilipokuwa nalo nilizihesabu.
Hii sijui ni ya ngapi."

Usiku nikalitoa daftari la samawati.
Nilitaka kulichoma, kiberiti mkononi,
nikagundua kwamba hilo nalo
ningetafuta mahali pa kuliandika.
Nikalirudisha. Liko pale mpaka leo.
Mjane wa Mlango Kubwa bado anapata unga,
na ugali wake hauulizi nia yangu,
nashukuru.

Ila asubuhi ile, kabla foleni haijaanza,
nilizunguka nikasimama upande wa nje,
upande wa wadaiwa,
nikajaribu kupitisha mkono kwenye lile tundu.
Nilikuwa nimeushikilia ufunguo. Ngumi haikupita.
Nikauweka ufunguo chini.